Anayeimla Deni

Dawa ya deni kulipa. Methali hii nimeisikia tangu skuli, lakini sijawahi kumsikia mtu akiuliza: deni lipi? Lililoandikwa na nani? Methali inachukulia kwamba deni ni lako, kwamba hesabu ni sahihi, na kwamba ukishalipa jina lako linatoka daftarini siku hiyo hiyo. Kwa duka la mtaani ni kweli. Mangi au Mpemba wa duka anapiga mstari juu ya jina lako huku unamwangalia, na mambo yamekwisha. Madaftari makubwa hayakuwa hivyo hata zamani.

Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Suratul Baqara, haizungumzii pepo wala moto. Inazungumzia kuandika deni. Watoto wengi wa Unguja wameihifadhi chuoni kabla ya kujua maana yake. Inaagiza deni la muda maalumu liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, na mashahidi wawepo. Kisha inasema jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: anayemuimlia mwandishi ni mdaiwa, si mdai. Aliye dhaifu katika shughuli ile ndiye anayepewa maneno.

Zanzibar ya karne ya 19 iliishika sura ya agizo hili, ila roho yake ilipenya vidoleni. Mwenye shamba la karafuu aliyetaka fedha hakukopa kwa riba, maana riba ni haramu. Alifanya bei khiyari. Aliliuza shamba lake kwa mkopeshaji, akabaki na haki ya kulikomboa ndani ya muda uliokubaliwa, na wakati huo huo akalikodi shamba lile lile kutoka kwa aliyemuuzia. Kodi ndiyo iliyokuwa riba, imevaa kanzu. Waraka uliandikwa kama kukiri: fulani bin fulani amekiri kwamba ameuza, amekiri kwamba amepokea. Mdaiwa ndiye anayesema, kama aya ilivyotaka. Lakini akiwa na shida ya mbegu, ya arusi au ya matanga, alikiri chochote kilichowekwa mbele yake. Akipokea rupia mia, waraka ungeweza kusema mia na hamsini. Konseli ya Kiingereza ilipoanza kuweka daftari la kusajili mikataba ya aina hii, hesabu ya waraka ikapata muhuri. Kilichosajiliwa ni kile kilichoandikwa, si kile kilichopita mkononi.

Wakubwa nao walidaiwa. Kampuni ya Jairam Shivji ilikodi forodha ya Zanzibar kwa miaka mingi, na kupitia forodha ile masultani wenyewe wakawa wateja wa daftari lake. Seyyid Majid alipofariki mwaka 1870, Seyyid Barghash alirithi kiti pamoja na ugomvi: je, deni la kaka yake ni lake? Yalizungumzwa, yakapatanishwa. Sultani anayeukataa mstari wa daftari husikilizwa. Tippu Tip, ambaye nyumba yake bado ipo Shangani, alienda bara na bidhaa alizopewa kwa mkopo, nyingi kutoka kwa Tharia Topan. Dhamana yake kubwa ilikuwa jina lake. Kila msafara uliorudi na pembe ulilisafisha jina lile na kulikuza. Kwa nini wengine walilipa kwa kupora watu wa bara, hiyo ni hadithi nyingine, na haifai kusahauliwa tunapoyasifu majumba yao.

Wenye mashamba wa kawaida hawakuwa na pa kupatanishiwa. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, na kupanda upya kulitaka fedha. Mkarafuu unasubiriwa miaka kadhaa ndiyo uzae. Deni halisubiri hivyo. Mwaka 1897 utumwa ukapigwa marufuku kisheria, wachumaji wakawa wa kulipwa. Bei ya karafuu ikawa inapanda na kushuka. Kufikia mdororo wa dunia wa miaka ya 1930 mashamba mengi yalikuwa yamefungwa kwenye rehani ambazo wenyewe hawakuweza tena kuzieleza zilianzaje.

Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikatoa msururu wa sheria. Mmoja wapo ulizuia ardhi ya Mwarabu au Mwafrika kwenda kwa watu wengine bila kibali, na mashauri ya kufilisi rehani yakasimamishwa kwa muda. Ninachokipenda ni jina la sheria hiyo: ilitaja zuio la kuhamisha ardhi, na pia ushahidi. Yaani mahakama iweze kutazama nyuma ya karatasi na kuuliza kilichotokea kweli. Nusu karne ya mihuri ikaambiwa ijieleze.

Wakopeshaji, wengi wao Wahindi, walilalamika, na hawakuwa na makosa kwa kila jambo. Wengi walikuwa wenye maduka madogo ambao nao walikopa kwa wafanyabiashara wakubwa. Deni lilikuwa mnyororo, na serikali ilikata pete moja tu. Serikali ya India ilimtuma K. P. S. Menon kuchunguza mwaka 1934. Mwaka 1937 chama cha wakulima wa karafuu kilipopewa ukiritimba wa kununua, wafanyabiashara wa Kihindi waligoma, na India, mnunuzi mkubwa, ikaunga mkono. Suluhu ilifikiwa Mei 1938. Mwaka huo huo ikaja sheria ya kulinda ardhi na kumaliza madeni. Na maskuota, waliolima mihogo chini ya mikarafuu ya wengine? Hawakuwa na deni la kupunguziwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona wana kitu cha kuweka rehani.

Leo mwandishi ni kompyuta. Tangu kanuni za Benki Kuu za mwaka 2012, mabenki ya Tanzania, Zanzibar ikiwemo, hupeleka taarifa za wakopaji kwenye kanzidata, na kampuni zenye leseni huziuza kama ripoti. Kenya walifika mbali zaidi: ilibidi Aprili 2020 Benki Kuu yao izuie watu kuorodheshwa kwa madeni yasiyofika shilingi 1,000. Una haki ya kuiona ripoti yako na kupinga kosa. Lakini kampuni haiwezi kuamua yenyewe. Inamuuliza aliyeileta taarifa. Anayeimla ni mdai.

Kwetu kosa lina njia zake. Majina matatu, yote ya kawaida: baba, mtoto na babu wanaweza kuitwa kwa mpangilio unaojirudia, na mtaa mmoja wa Ng'ambo una wawili watatu wa jina hilo. Kitambulisho cha Mzanzibari kinaandika hivi, cha taifa kinaandika vile. Ndugu yangu alinyimwa mkopo wa pikipiki kwa deni alilokwisha kulimaliza katika benki moja ya mjini. Risiti alikuwa nazo zote. Alienda benki mara nne, kila mara akaambiwa mfumo utajisahihisha. Nilimshauri aombe kwa maandishi barua ya kumaliza mkopo, yenye tarehe ya malipo ya mwisho, namba ya mkopo na muhuri, kisha aambatanishe nakala na pingamizi lake kwa kampuni ya taarifa, na abaki na nakala iliyogongwa "imepokelewa". Ikachukua wiki kadhaa. Deni likatoka.

Barua ile anaitunza kwenye bahasha ya plastiki pamoja na hati ya kiwanja. Wameandika Hamisi. Vitambulisho vyake vyote vinasema Khamis.