Kuanika na Kuchoma: Historia ya Tando za Oksidi ya Zinki na Funzo Lake kwa Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya mbinu ya soli-jeli tangu 1846 hadi ilipotumika kutengeneza tando nyembamba za oksidi ya zinki. Inadai kwamba mbinu hiyo ilikua kadiri watafiti walivyotenganisha masharti ya utengenezaji na kuyapa majina. Hivyo, istilahi inayochanganya hatua za joto huficha matokeo yenyewe.

1.0 Utangulizi

Oksidi ya zinki hupitisha mwanga unaoonekana na kufyonza miale ya urujuanimno. Tando zake huchunguzwa kwa ajili ya vitambuzi vya gesi na seli za jua. Soli-jeli huzivutia maabara zenye bajeti ndogo kwa kuwa haihitaji mitambo ya ombwe: chumvi ya zinki huyeyushwa, kioo hupakwa myeyusho huo, kisha hupashwa joto. Hata hivyo, maabara mbili zenye kemikali zilezile zaweza kupata tando zisizofanana kabisa. Tofauti hutokana na masharti.

2.0 Chimbuko la Mbinu

Mwaka 1846 mkemia Mfaransa Jacques-Joseph Ebelmen alieleza jinsi kiowevu alichokipata kutokana na kloridi ya silikoni na alkoholi kilivyogeuka kitu kigumu mfano wa kioo kilipoachwa katika hewa yenye unyevu. Aliona athari ya unyevu na muda, lakini hali hizo mbili za maada hazikuwa na majina. Mskoti Thomas Graham, aliyebuni neno koloidi mwaka 1861, ndiye aliyezitofautisha soli na jeli mwaka 1864. Mwaka 1939 Walther Geffcken na Edwin Berger, wa kiwanda cha vioo cha Schott mjini Jena, Ujerumani, waliwasilisha hataza ya kupaka kioo oksidi kwa kukichovya katika myeyusho. Tangu hapo kasi ya kuopoa kioo ikawa sharti la kupimwa: kikiopolewa haraka, utando huwa mnene zaidi.

3.0 Zamu ya Oksidi ya Zinki

Katika miaka ya 1990 watafiti wa Kijapani Ohyama, Kozuka na Yoko waliyeyusha asetati ya zinki katika viyeyushi mbalimbali. Walibaini kwamba viyeyushi vyenye kiwango cha juu cha kuchemka hutoa tando ambazo fuwele zake zimeelekea upande mmoja. Maelezo yao ni kwamba kiyeyushi kinachotoka polepole huipa jeli nafasi ya kujipanga kabla fuwele hazijaanza kuundwa.

Joto nalo lina hatua zake. Joto la awali huondoa kiyeyushi na mabaki ya kikaboni; joto la mwisho, aghalabu kati ya nyuzi 400 na 600 za Selsiasi, hukuza chembe za fuwele. Hatua ya kwanza ikiharakishwa, utando husinyaa ghafla na kupasuka. Hata hewa ya tanuri ina athari: hewa isiyo na oksijeni ya kutosha huacha mapengo ya oksijeni ndani ya fuwele, na kwa kawaida ukinzani wa umeme hupungua.

4.0 Funzo kwa Istilahi

Mwandishi wa Kiswahili akiandika tu kwamba utando “ulipashwa joto”, msomaji hawezi kulirudia jaribio, wala mshauri wa sera hawezi kujua kwa nini mradi mmoja umefaulu na mwingine umeshindwa. Hilo si pungufu la lugha. Mfinyanzi hutofautisha kuanika na kuchoma, na anajua kwamba chungu kibichi kikiwahishwa motoni hupasuka. Kanuni hiyo ndiyo inayotawala utando wa jeli, ingawa unene wake ni sehemu ndogo ya unene wa unywele.

Tunapendekeza hatua tatu zitofautishwe: kukausha, kupasha joto la awali na kuchoma, na kila kitenzi kiandamane na kiwango cha joto, muda na aina ya hewa.

5.0 Hitimisho

Miaka 18 ilipita kati ya uchunguzi wa Ebelmen na majina ya Graham. Wapangaji wa lugha katika nchi zetu hawana sababu ya kusubiri kiasi hicho, kwani vitenzi vinavyohitajika tayari vimo vinywani mwa watu. Mfinyanzi hulia gaeni. Lugha yenye msamiati wa tanuri isiridhike na vipande.