Kutoka Chenga hadi Kuganda: Picha ya Televisheni Nachingwea na Ruangwa

Kabla Nachingwea haijajua picha inayosafiri hewani ilijua sauti, na kabla ya sauti ilijua chuma. Chuma kilikuja na Mradi wa Karanga, ule ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947 na kufa mwaka 1951, ukaacha nyuma yake reli ya kuteremkia bandari ya Mtwara. Na reli hiyo, kwa kukosa mzigo wa kuilipia gharama zake, ikafungwa na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sauti haikung'olewa. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na mtambo wa masafa ya kati Nachingwea, na kwa mtambo huo watu wa kusini walisikia taarifa ya habari, mpira na taarabu, hususan usiku, saa ambazo mawimbi ya namna ile hurudishwa na anga yakafika mbali kuliko mchana.

Mawimbi ya picha hayana ukarimu huo. Huenda moja kwa moja kama macho ya mtu, na penye kilima hukoma. Kwa hiyo Unguja ilipofungua televisheni ya rangi mwaka 1973, ya kwanza katika Afrika iliyo kusini ya Sahara, Nachingwea haikuambulia hata kivuli chake. Na Bara yenyewe, ambayo serikali yake iliihesabu televisheni kuwa anasa, ilingoja hadi mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza Dar es Salaam. Mtu wa Ruangwa aliyetamani picha katika miaka hiyo alikwenda kibandani, akalipa, akakaa juu ya benchi mbele ya kanda ya video huku jenereta ikinguruma nje, ama alimjua tajiri mwenye dishi pana la setelaiti uani kwake.

Zama za antena zilipowadia, ubovu wa picha ulikuwa na jina moja, nalo ni chenga, jina lililoazimwa jikoni kwenye mchele uliovunjika. Aliyelibuni alikuwa na jicho zuri. Picha ya mtindo wa kale, yenye mistari 625, ilipodhoofika haikutoweka ghafula. Ilivunjikavunjika kidogo kidogo kadiri mtazamaji alivyokuwa mbali na mlingoti, naye aliuona mpira ukipita katikati ya chenga kama mtu aonavyo njia katika manyunyu. Mtoto akipandishwa juu ya bati kuigeuza antena, na baba akipiga kelele dirishani, "Hapo hapo! Rudi kidogo!", kila aliyekuwamo nyumbani alifahamu kwamba kosa ni la umbali.

Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya kale ya analojia ilizimwa Dar es Salaam kuipisha ya dijitali, Tanzania ikawatangulia jirani zake wa Afrika Mashariki. Zikafuata Dodoma, Tanga, Mwanza, Arusha, Moshi na Mbeya hadi Aprili 2013. Msomaji ataona kwamba katika orodha hiyo ya kwanza Lindi, mkoa wenye Nachingwea na Ruangwa, haimo wala Mtwara haimo. Ndipo lilipoenea neno king'amuzi, ambalo kwa maoni yangu limeshinda maneno yote ya wataalamu, maana chombo kile kweli hung'amua: hupokea kitu kilichobanwa kikawa fumbo, kikakifumbua.

Nacho hubanwa mno. Picha ya HD kamili ina nukta 1920 kwa 1080, yaani zaidi ya milioni 2, na kwa sekunde moja hupita picha 25. Kila nukta ikipewa biti 24 za rangi, jumla yake ni zaidi ya megabiti 1,200 kwa sekunde. Mkondo mmoja wa masafa wenye upana wa megahezi 8, kwa utaratibu wa kurusha kidijitali uitwao DVB-T2, hubeba kiasi cha megabiti 40 tu. Sharti basi sehemu kubwa itupwe. Elimu ya kutupa ilipata msingi wake mwaka 1974, wakati televisheni ya Unguja ingali changa, pale Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa Bangalore aliyekuwa akifundisha Marekani, alipochapisha pamoja na wenziwe wawili hesabu ya kukigeuza kijisanduku cha picha kuwa jumla ya mawimbi, mapana na membamba, ili yale membamba, ambayo jicho huyahisi kwa shida, yaweze kuachwa. Kisha ikaongezwa hila nyingine: kisichotikisika hakitumwi mara ya pili, hutumwa mabadiliko peke yake.

Sasa mwenye mtambo ana megabiti 40 mkononi. Akipenda atazigawia idhaa nne, zikapata kumi kumi na picha ikang'aa. Akipenda atazigawia idhaa kumi, zikapata nne nne. Zote zitaitwa HD, kwa kuwa HD ni hesabu ya nukta, si hesabu ya biti. Chenga zilikuwa taksiri ya umbali. Vijisanduku vinavyotokea leo penye mwendo wa kasi, hata kwa mtu aliye chini ya mlingoti, aghalabu ni hukumu ya mwanadamu aliyeketi na kugawa. Na mawimbi yenyewe yakidhoofika, hakuna manyunyu tena: picha huganda, kisha kiza.

Ruangwa ilikuja kuwa upande wa pili wa kamera. Namungo, timu yake ya mpira, iliingia Ligi Kuu msimu wa 2019/20, ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2020 na kufungwa na Simba 2–1 mjini Sumbawanga, na uwanja wake, Uwanja wa Majaliwa, uliokuwa haujulikani nje ya mkoa, ukaanza kuonekana sebuleni mwa watu wa mbali. Uwanja wa mpira ndio mtihani mgumu kuliko yote kwa picha iliyobanwa, maana kamera ikimfuata winga kila unyasi hutikisika kwa wakati mmoja, na hila ya kutotuma kisichobadilika hukosa kazi. Basi, ndugu msomaji, utakapotaka kununua king'amuzi, usiulize kama ni cha HD. Mwombe muuzaji akufungulie mechi ya Namungo ikicheza nyumbani, nawe usiutazame mpira, tazama nyasi.