Nani wa kuaminiwa na serikali? Fundisho la Gongo Lutete



Kila mtu anayerudi Kasongo ama Kabambare anajua maswali matatu ya kwanza: ulikuwa wapi, ulikuwa na nani, nani anakujua? Serikali iko na haki ya kuuliza. Teritware zetu zimeteseka na vikundi vyenye silaha kwa miaka mingi, na mtu anayetaka kazi ya jeshi, ya polisi ama ya upelelezi, mahali atasikia siri za nchi, lazima achunguzwe kwanza. Neno gumu ni kipimo. Je, mtu apimwe kwa matendo yake yaliyo na mashahidi, ama kwa kabila lake, njia aliyopita na maneno ya sokoni? Hapa kwetu swali hili lililipiwa damu, zaidi ya miaka 130 iliyopita.

Gongo Lutete alikuwa mkubwa wa Ngandu, upande wa mto Lomami, na alikuwa mtu wa Tippu Tip. Mwaka 1892 alishindwa na askari wa Dhanis, ofisa wa dola ya Leopold II, kisha akageuka na kuwa upande wao. Dhanis alimuhitaji sana. Gongo alijua njia, alijua wakubwa wa vijiji, alijua nguvu ya Sefu, mtoto wa Tippu Tip, sababu alikuwa amefanya kazi nao. Kwa lugha ya leo tungesema aliruhusiwa kuingia ndani ya siri za vita. Kwa msaada wa watu wake Nyangwe ilianguka mwezi wa tatu 1893, na Kasongo mwezi wa nne.

Miezi mitano tu baadaye, maofisa waliokuwa Ngandu walimshtaki kwamba anapanga uasi. Mahakama ya kijeshi ya haraka ilimhukumu, na tarehe 15 Septemba 1893 akapigwa risasi. Dhanis alikuwa mbali, huku Kasongo. Habari ilipomfikia alimtuma daktari wake, Hinde, aende kuzuia jambo hilo. Hinde alifika, Gongo amekwisha kufa.

Tuangalie vizuri ni nini kilikosekana pale. Mtu aliyebadili upande ni rahisi kushukiwa: waliokuwa wake wa zamani wanamuita msaliti, na wapya nao hawamwamini kabisa. Shaka hiyo peke yake si kosa. Kosa ni kwamba shaka ilichukuliwa kuwa ushahidi, na hukumu ikatekelezwa mbele ya mkubwa wao kuiangalia. Haraka haraka haina baraka, wazee walisema.

Deni lilikuja kudaiwa. Wengi wa askari wa Gongo walikuwa wamepelekwa Luluabourg, ndiyo Kananga ya leo. Mwezi wa saba 1895 waliasi na kumuua mkubwa wa kambi. Sababu zao zilikuwa nyingi, mateso ya kambini yakiwemo, lakini kifo cha mkubwa wao kilikuwa ndani. Mwaka 1897 askari wa msafara wa Dhanis mwenyewe, uliokuwa ukienda upande wa Nile, nao wakaasi, na kati yao Batetela walikuwa wengi. Waliteremka kusini wakipigana, na mwaka 1898 wakateka boma la Kabambare. Sitasema vita vyote hivyo vilitoka kwenye kifo kimoja. Lakini watu wa Kabambare, ambao hawakukaa kwenye ile mahakama ya Ngandu, ndio walioona moto unafika mpaka kwao.

Kuna pia kosa la upande wa pili, yaani kumpokea kila mtu bila kuuliza. Bosco Ntaganda alikuwa anatafutwa na Mahakama ya Kimataifa ya La Haye tangu 2006. Hata hivyo, mwaka 2009, kikundi cha CNDP kilipoingizwa katika FARDC, yeye akaingia na cheo cha jenerali. Mwaka 2012 akaasi tena, M23 ikazaliwa, na watu wa Kivu wakakimbia upya. Mwaka 2019 mahakama ile ilimpa miaka 30 ya kifungo. Cheo kilitolewa juu ya kununua amani, na amani yenyewe haikudumu.

Nchi nyingine zimejaribu kuandika kipimo wazi. Marekani, mwaka 1995, Rais Clinton alitia sahihi amri juu ya watumishi wanaoruhusiwa kuona siri za serikali. Amri hiyo inakataza kumbagua mtu kwa rangi, dini ama asili ya taifa lake. Anayekataliwa anapewa sababu kwa maandishi, anaweza kujibu, na anaweza kuomba wakubwa wengine waangalie upya. Haikumaliza makosa yote, lakini angalau mtu anajua anashtakiwa nini.

Kwetu, shirika la upelelezi, ANR, linafuata sheria-amri ya Januari 2003 na liko chini ya Rais. Siri za kazi yake zibaki siri, hakuna anayebisha. Lakini kipimo cha kuchagua watu si siri ya vita. Raia anaweza kuomba mambo manne: tendo lihesabiwe kuliko asili; shahidi ajulikane kwa mchunguzi na aulizwe kama ana ugomvi na mtu huyo; anayeshtakiwa ajibu; na anayeshtaki asiwe ndiye anayehukumu.

Na sisi tuko na sehemu yetu. Shefu wa kijiji ama mchunguzi akija kuuliza habari ya mwanachama, komite iseme tulichokiona wenyewe: alifika lini, aliishi na nani, alifanya kazi gani. Miaka ambayo hatukuwa naye, tuseme hatukuwa naye. Tusimfiche mwenye kosa kwa sababu ni wa kwetu, wala tusimchafue jirani kwa sababu ya mpaka wa shamba. Naomba jambo hili liwekwe kwenye mkutano ujao, tuandike kanuni yetu kwa kurasa mbili, na kila tawi, Kasongo na Kabambare, libaki na nakala yake.