Tarehe 11 Novemba na neno lililoua watu Kindu



Kuna ndugu wanaotuuliza kama tarehe fulani zina laana. Mtume Paulo aliwakemea Wagalatia kwa ajili ya kushika siku na miezi (Wagalatia 4:10), nasi hatutaki kurudi huko. Tarehe 11 Novemba haina pepo. Ina historia tu, na sehemu moja ya historia hiyo ni ya mkoa wetu wa Maniema.

Wengi wanaijua kwa sababu ya Vita Kuu ya kwanza. Mwaka 1918, siku hiyo, saa tano ya asubuhi, bunduki zilinyamaza Ulaya. Kwetu Afrika habari ilichelewa. Askari wa Kongo walikuwa wameiteka Tabora tangu Septemba 1916, na wapagazi wengi mno walikuwa wamekufa njiani, lakini Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wajerumani, alikuwa bado anapigana katika nchi tunayoiita leo Zambia. Alipata habari siku chache baadaye. Siku hizo watu walibaki vitani kwa sababu neno la amani halikuwafikia.

Mwaka 1975, tarehe ileile, Angola ilipata uhuru. Agostinho Neto alitangaza Luanda, na wapinzani wake nao wakatangaza serikali yao Huambo. Askari wa Zaïre waliotumwa na Mobutu kumsaidia Holden Roberto walikuwa wamepigwa jana yake, karibu kabisa na mji. Waangola husherehekea siku hiyo. Sisi tulikuwa na wajane wake.

Lakini ya Kindu ndiyo inayotugusa. Tarehe 11 Novemba 1961 ndege mbili za Italia zilitua pale, zikiwaletea vifaa askari wa ONU waliotoka Malesia. Ndani yake walikuwa watu 13, hawana silaha, mkubwa wao akiitwa Amedeo Parmeggiani. Walipokuwa wanakula, askari wa jeshi la Kongo waliotoka upande wa Stanleyville waliwavamia na kuwakamata. Neno lilikuwa limeenea kwamba hawa ni mamluki wa Tshombe. Waliuawa wote. Miili yao ilipatikana miezi michache baadaye, Tokolote, nje ya mji.

Tusiseme haraka kwamba wauaji walikuwa wanyama. Vita vya Katanga vilikuwa karibu, na Tshombe kweli alikuwa na mamluki wazungu. Hofu ile haikuwa ya bure. Mtu mwenye hofu akiona ngozi nyeupe na ndege, neno moja linamtosha. Ndiyo maana Torati (Kumbukumbu la Torati 13:14) inaagiza kutafuta, kuchunguza na kuuliza sana kabla ya kuhukumu, hata pale ambapo kosa linalosemwa ni kubwa kuliko yote.

Sisi wa redio tunaisoma habari hii na kutetemeka kidogo. Watu huja mlangoni kwetu na matangazo: semeni kwamba mama fulani ni mchawi, semeni kwamba wageni waliofika kwenye machimbo wameficha silaha. Tunapouliza nani ameona, mara nyingi jibu ni kwamba watu wanasema. Tukikataa kutangaza, wengine wanakasirika na kusema tumekula pesa. Afadhali wakasirike.

Huko Pisa, Italia, walijenga mahali pa kuwakumbuka wale 13, na jina la Kindu limeandikwa hapo. Kwetu Maniema vijana wengi hawajalisikia jambo hili hata mara moja. Kama kuna mzee, hapa Kampene au popote katika Pangi, aliyekuwa Kindu mwaka ule, aje redioni siku yoyote baada ya ibada ya asubuhi. Tutaandika alichokiona kwa macho yake. Alichosikia kwa wengine tutakiandika pia, lakini kwenye karatasi nyingine.