Barua Taka na Barua Iliyosingiziwa

Istilahi za chujio la barua pepe hazina umri mrefu, lakini historia yake yatufunza jinsi jina linavyoweza kumwongoza mtumiaji au kumpotosha.

Tarehe 3 Mei 1978 Gary Thuerk, mfanyakazi wa kampuni ya Digital ya Marekani, alipeleka tangazo la kompyuta kwa watu wapatao 400 katika mtandao wa ARPANET. Hawakuliomba, na wengi waliudhika. Baadaye wasemaji wa Kiingereza waliziita barua za namna hiyo spam, jina la nyama ya kopo iliyoanza kuuzwa mwaka 1937, kwa kufuata mchezo wa kuchekesha wa Monty Python wa mwaka 1970 ambamo neno hilo hurudiwarudiwa hata mazungumzo mengine yasisikike. Kiswahili hakikuikopa nyama hiyo. Kilisema barua taka.

Kinga ilifuata. Mwaka 1997 Paul Vixie alianzisha orodha ya mitambo inayotuhumiwa, ili barua zitokazo huko zikataliwe. Mwaka 2002 Paul Graham alieleza namna ya kuipima barua kwa maneno yake: programu hufunzwa kwa barua njema na mbovu, kisha hukadiria barua mpya iko upande gani. Lakini kila chujio huonea. Mwaka 1996 kampuni ya AOL iliwazuia wakazi wa Scunthorpe, Uingereza, kujiandikisha, kwa kuwa ndani ya jina la mji wao mna herufi za tusi.

Kosa hilo si la ugenini tu. Sera ya Taifa ya TEHAMA ilitolewa mwaka 2003, wakati Rais alikuwa Benjamin William Mkapa, mwenyeji wa Lupaso, Masasi. Lupaso ni nchi ya korosho, na tangu msimu wa 2007/2008 mfumo wa stakabadhi ghalani umetumika mkoani Mtwara: mkulima hupeleka korosho chama cha msingi, zikapigwa mnada, naye akangoja malipo. Tuseme katibu wa chama angoja barua pepe ya malipo hayo. Barua hiyo hapana budi itaje fedha na namba ya akaunti, maneno yale yale ya tapeli asemaye, "Ile hela itume kwenye namba hii." Chujio lililofunzwa zaidi kwa Kiingereza laweza kuzitupa zote mbili pamoja, na huku wakulima wako mlangoni wanauliza.

Tukiliita kosa hili "chanya bandia", kwa kufuata lugha ya maabara, katibu hatafaidika, maana kwake chanya ni jambo jema. Yafaa tuseme barua iliyosingiziwa. Jina hilo lamweleza kwamba mwenye kosa ni mshitaki, na kwamba hana budi kulifungua kasha la taka. La sivyo, nani atafutaye fedha jaani?

Kadhalika "orodha nyeupe". Mwaka 2020 kituo cha taifa cha usalama wa mtandao cha Uingereza kiliacha kutumia majina ya rangi kwa orodha hizi, kwa kuchelea ubaguzi. Sisi tuna sababu nyingine pia: karatasi nyeupe kwetu ni karatasi isiyoandikwa kitu, basi orodha nyeupe yaweza kudhaniwa kuwa haina jina hata moja. Orodha ya walioruhusiwa yajieleza yenyewe.

Hata orodha hiyo yaweza kushindwa, na hapo istilahi zahitaji kupambanua. Kwanza, anwani hulinganishwa herufi kwa herufi. Anwani ya kujibia huenda si ile iliyopeleka barua. Pili, ikiwa barua haimo hata katika taka, yamkini ilikataliwa na seva kabla ya kufika, na orodha ya katibu haina nguvu huko. Basi tuseme orodha ya mpokeaji na orodha ya seva, ili ajue wakati wa kusahihisha mwenyewe na wakati wa kumwendea msimamizi wa mtambo. Tatu, kuruhusu kikoa kizima kwa urahisi tu ni kumfungulia mlango tapeli aghushiye anwani.

Tukiyasanifu majina haya vema, katibu wa Lupaso atajua pa kuanzia bila kumngoja fundi kutoka mjini.