Zawadi ya Mgeni ni ya Nani? Safari ya Sultana na Safari Yetu

 Dada zetu wa visiwani, tunawaandikia kutoka Makanyagio, Mpanda, mkoani Katavi. Sisi ni kikundi cha mafundi cherehani, na watu hututania kwamba jina la mtaa wetu linatufaa, maana asubuhi hadi jioni miguu yetu iko kwenye makanyagio. Tumo Waislamu na Wakristo, na kila Jumamosi tunakaa pamoja kuweka akiba.

Baadhi yenu mnatujua kwa sura, kwa sababu tulikuja Unguja kuwatembelea. Tulipanda treni Mpanda hadi Tabora, tukaunganisha hadi Dar es Salaam, kisha boti. Wengi wetu maji makubwa tuliyoyajua ni Ziwa Tanganyika, kwa hiyo bahari ilitutisha na kutufurahisha. Mlitupokea vizuri mno. Mlitufundisha kudarizi kofia, nasi tukawaonyesha mishono yetu ya vitenge. Siku ya kuagana mlichangishana mkatupa cherehani ya kudarizi, mkamkabidhi mwenyekiti wetu mbele ya watu wote.

Cherehani hiyo ndiyo iliyotugombanisha. Tulipofika nyumbani, mama mwenyekiti aliipeleka kwake. Alisema jina lililotajwa siku ile ni lake. Wengine wakasema alipokea kwa niaba yetu. Maneno yakawa mengi, wawili wakaacha kuweka akiba, salamu zikawa za shingo upande. Na ninyi mmeshatuambia kwamba zamu yenu ya kuja kwetu inakaribia. Tungewapokea vipi hali tumenuniana?

Hapo mmoja wetu akakumbuka hadithi tuliyosimuliwa na bibi mmoja mwenyeji wetu tukiwa Forodhani, habari ya meli iitwayo Sultana. Tuliitafuta, tukaisoma kwa zamu chumbani kwetu kwa kazi. Tunaiandika hapa kwa sababu ilitusaidia, na kwa sababu ni historia yenu kwanza.

Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala Maskati na Zanzibar, alifanya mkataba wa urafiki na biashara na Marekani mwaka 1833. Aliyetumwa na Wamarekani kuufunga mkataba huo aliitwa Edmund Roberts. Mwaka 1837 Marekani ikaweka konseli wake Zanzibar, Richard Waters, mtu wa Salem. Wakati huo meli za Salem zilikuwa zikija Unguja mara kwa mara. Sayyid akaona haifai mgeni aje kwako kila siku nawe usifike kwake hata mara moja. Akaitayarisha meli yake mwenyewe, Sultana, iliyoundwa Bombay, akamweka juu yake mjumbe wake Ahmad bin Na'aman.

Sultana ilitoka Maskati ikapitia Zanzibar, ikazunguka kusini mwa Afrika, ikatia nanga New York tarehe 30 Aprili 1840. Ndani yake mlikuwa na tende, kahawa na mazulia kutoka upande wa Arabuni, na pembe za ndovu, karafuu, sandarusi na ngozi kutoka upande wetu. Watu wa New York walijazana bandarini kuwatazama mabaharia wenye vilemba. Halmashauri ya mji ikawafanya wageni wake, ikawatembeza na kuwakaribisha karamuni. Meli ilikuwa imechoka kwa safari, basi jeshi la maji la Marekani likaipeleka kwenye karakana yake Brooklyn na kuitengeneza bila kumdai mgeni hata senti. Mchoraji Edward Mooney akamchora Ahmad bin Na'aman, na kwa picha hiyo tunaijua sura yake hadi leo. Wageni hao walikaa zaidi ya miezi mitatu, wakaondoka mwezi Agosti wakiwa na shehena ya bidhaa za huko na zawadi za kumpelekea Sayyid.

Sasa njooni kwenye zawadi, maana hapo ndipo sote tulipokaa kimya. Sayyid alimpelekea Rais Martin Van Buren farasi wawili wa Kiarabu, lulu, dhahabu, zulia la Kiajemi, shali za Kashmir, marashi ya waridi na upanga uliopambwa kwa dhahabu. Zililetwa kwake yeye Rais. Lakini Katiba ya Marekani inamkataza mwenye cheo kupokea zawadi ya mfalme wa nje bila ridhaa ya Bunge lao. Rais hakuzipeleka nyumbani kwake, wala hakumrudishia Sayyid, kwa kuwa kurudisha zawadi ni kumvunjia mtu heshima. Alilipelekea Bunge shauri hilo. Bunge likakubali zipokewe kwa niaba ya nchi nzima. Farasi waliuzwa, fedha ikaingia hazina, na baadhi ya vitu vikahifadhiwa Washington, ambako sasa viko chini ya makumbusho ya Smithsonian.

Mkono uliopokea ulikuwa wa mtu mmoja, na mali ikawa ya wote. Tulipomaliza kusoma hapo hakuna aliyemtazama mwenyekiti, na hilo lilikuwa jema.

Kuna jambo jingine ambalo sisi mafundi tulilizungumza zaidi. Bibi zetu waliita kitambaa cheupe kigumu cha pamba "merikani", nasi tulilitumia neno hilo bila kujiuliza. Ni jina la Marekani tu. Kitambaa hicho kilifumwa kwenye viwanda vya Massachusetts, kikaja Zanzibar kwa meli, kikaingia bara mabegani mwa wapagazi. Stanley alipopita Ukonongo, yaani sehemu zetu hizi za Katavi, mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, misafara yake ilibeba merikani na shanga, na kwa hizo alilipa hongo kwa watemi ili apite. Pembe za ndovu nazo zilitoka bara kwenda pwani kwa njia hiyo hiyo ya mabegani.

Kwa hiyo karamu za New York zilikuwa na mikono mingi ambayo haikualikwa. Pamba ya viwanda vile ililimwa na watumwa kusini mwa Marekani, na huko utumwa haukukomeshwa hadi mwaka 1865. Kwetu, biashara ya pembe ilitembea pamoja na biashara ya watu, na soko la watumwa Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Hatusemi haya ili kuharibu hadithi nzuri. Tunasema kwa sababu nyuma ya kila zawadi kuna watu waliotoa jasho na majina yao hayakutajwa. Cherehani yenu pia mlichangishana, pengine na wale ambao hatukuwaona.

Jumamosi iliyofuata mama mwenyekiti alikuja na bajaji, cherehani ikiwa imefungwa kwa kanga. Alisema hakuiba, na kwamba kweli aliamini amepewa yeye. Tulimwamini, tukamwomba radhi kwa maneno tuliyoyasema nyuma yake. Sasa cherehani iko chumbani kwetu kwa kazi, kila mmoja ana siku yake, na kila zawadi tunayopewa inaandikwa kwenye daftari: nani katoa, nani kapokea, na ni ya nani. Kati ya wale wawili walioacha akiba, mmoja amerudi. Mwingine bado, na tunaendelea kwenda kwake kumwamkia.

Basi njooni. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na sisi ujio wenu umeanza kutuponya kabla hamjafika. Mkituletea chochote, semeni wazi mbele ya wote ni cha nani. Tutakuwa stesheni ya Mpanda tukiwasubiri, na kofia za kwanza tulizodarizi zitakuwa tayari mzikague.