Kumbukumbu za miti ya Ituri zilivyonusurika vita

MSITU wa kale wa Ituri, kaskazini mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, una maeneo manne ya utafiti wa mimea wa muda mrefu, kila moja likiwa na ukubwa wa hekta 10. Maeneo hayo yamo ndani ya Hifadhi ya Okapi, iliyoanzishwa mwaka 1992.

Kati ya mwaka 1994 na 1996, kila mti wenye kipenyo cha kuanzia sentimita moja ulipewa namba, ukatambuliwa aina yake na kuonyeshwa kwenye ramani. Baada ya miaka kadhaa watafiti hurudi kuona ni upi umenenepa, upi umekufa na upi umechipuka.

Maeneo mawili ya Lenda yametawaliwa na mti mmoja, mbau, ilhali yale mawili ya Edoro yana mchanganyiko wa aina nyingi. Kwa kuyalinganisha, wataalamu huchunguza sababu za mti mmoja kuishinda mingine.

Vita vilipozuka mwaka 1996, kazi hiyo ilikaribia kupotea. Mtaalamu wa mimea, Corneille Ewango, alibaki Epulu, akaficha kumbukumbu za vipimo na sampuli za mimea, na wakati fulani akajificha msituni kwa miezi mitatu. Mwaka 2005 alitunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman.

Thamani ya ujasiri huo ni dhahiri: mti ulioanguka hupata mrithi, lakini kipimo cha mwaka 1994 kikipotea, hakuna awezaye kukichukua upya.